Basi la shule mnadani: maswali ninayoulizwa kila msimu

Kila ikifika Novemba simu yangu haitulii. Shule zinakaribia kufunga, matangazo ya minada yanajaa magazetini, na mtu ameona picha ya Coaster ya njano, lile basi dogo la Toyota, anataka kujua kama aichukue. Mimi nina mabasi matano yanayobeba wanafunzi kwa mkataba hapa Dar es Salaam. Matatu niliyanunua mnadani. Mawili yamenilipa, moja lilinitoa machozi. Majibu nimeyaweka hapa ili nisiyarudie kwenye simu.

Kwa kifupi, ninunue au nisinunue?

Kwa wengi wanaoniuliza, jibu ni usinunue. Si kwamba mabasi ya mnadani yote ni mabovu. Ni kwamba wengi wanalitafuta basi kwanza, halafu ndiyo waanze kulitafutia kazi. Basi likikaa uani miezi mitatu linaoza, na hela yako inaoza nalo. Kama tayari una shule iliyokubali kwa maandishi, au shule ni yako na wazazi wameshajiandikisha usafiri wa Januari, na una fundi anayekuheshimu kiasi cha kukwambia ukweli, na fedha yako haina riba juu yake, basi endelea kusoma. Ukikosa kimoja kati ya hivyo, nunua kwa mtu unayemjua, hata kama bei itakuwa juu kidogo.

Haya mabasi yanafikaje mnadani?

Mengi yanatoka kwa wakopeshaji. Shule binafsi ilikopa ikanunua basi, wanafunzi wakapungua, marejesho yakasimama, dalali akaja na barua. Mengine yanauzwa kwa amri ya mahakama baada ya mtu kushindwa kesi ya madai. Yapo pia ya serikali, halmashauri na mashirika ya umma, yanayouzwa kwa sababu yamechakaa au yamemaliza muda wake kwenye vitabu.

Asili ya basi inakupa nusu ya habari zake. Hebu fikiria: mtu aliyeshindwa kulipa marejesho miezi sita, oili alikuwa anabadilisha kwa fedha gani? Gari lililokamatwa na mkopeshaji mara nyingi limeendeshwa bila sevisi mwaka mzima kabla ya kukamatwa, na likishakamatwa linakaa yadi juani na mvuani. La serikali au shirika kwa kawaida limetunzwa vizuri zaidi mwanzoni, lakini halifiki mnadani mpaka gereji imekata tamaa. Mimi, nikipewa nafasi ya kuchagua, nachukua la mkopeshaji ambalo halijafikisha miezi mitatu yadi.

La serikali au la shirika lina mambo yake?

Lina mambo ya usajili. Namba za ST, SM au SU, yaani za serikali kuu, serikali za mitaa na mashirika ya umma, haziondoki na wewe, gari linasajiliwa upya kwa namba za T kama ya watu wote. Kuwa macho zaidi na yenye namba za DFP, yale ya miradi ya wafadhili. Mengi yaliingia nchini kwa msamaha wa kodi, na tangazo la mnada huwa linasema wazi kwamba mnunuzi ndiye atakayelipa ushuru na kodi kabla ya kukabidhiwa. Mstari huo huandikwa kwa herufi ndogo chini ya tangazo. Kuna watu wameshangilia bei mnadani, wakaja kulia kaunta ya TRA, mamlaka ya mapato.

Siku ya kuangalia nikague nini?

Hapa ndipo basi linaponunuliwa. Siku ya mnada kwenyewe unakwenda kutaja namba tu.

Nenda asubuhi, siku ya kwanza ya ruhusa, na fundi. Kabla hajagusa mtu kitu, weka kiganja juu ya injini. Kama ina joto, kuna aliyekutangulia kuiwasha, na injini yenye shida ya kuwaka asubuhi hupashwa moto kabla ya wageni. Yadi nyingi gari halina betri kabisa. Coaster ya dizeli inatumia volti 24, yaani betri mbili, kwa hiyo beba zako na nyaya zake, umwombe dalali kwa adabu. Akikataa, ondoa gharama ya injini nzima kwenye dau lako, au ondoka.

Hata bila kuwasha kuna mengi ya kuona. Fundi wangu huanza na mfuniko wa oili. Anaufungua, anaugeuza juu chini, anatazama upande wa ndani. Ukiwa na utando wa rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia kwenye oili. Kisha anafungua rejeta, anachovya kidole. Kikitoka na mafuta, hana haja ya kuendelea. Mara ya kwanza kuniona nabisha alinijibu, "Bosi, hii imekunywa maji, wewe unataka kuinywesha hela." Tukaondoka.

Ikiwaka, nenda nyuma utazame moshi. Moshi mweusi unaokatika ni nozeli au pampu, hiyo inavumilika. Moshi wa bluu usiokoma maana yake inakula oili, na hapo jipange kufungua injini. Mweupe mzito usioisha hata injini ikipata moto ni mbaya, hasa kama rejeta inatoa mapovu.

Halafu ingia ndani ya basi, na hapa ndipo basi la shule linapotofautiana na daladala. Basi la shule linapigwa deki kila siku. Uji umemwagika, juisi imemwagika, mtoto ametapika, dada wa basi anamwaga ndoo ya maji na kusukuma kwa mfagio. Maji yanapenya chini ya kapeti la plastiki na kukaa humo. Juu kapeti linang'aa, chini bati limeliwa. Nyanyua kapeti karibu na mlango na juu ya matairi ya nyuma, uligonge bati kwa mpini wa bisibisi. Bati zima linalia. Bati bovu linatoa sauti ya kadibodi, na bisibisi ikizama hesabu fundi wa bodi na siku zake kumi. Ukimaliza juu, lala chini uangalie chasisi yenyewe, maana sakafu inazibwa lakini chasisi iliyopasuka na kuchomelewa mimi sibebei watoto wa watu.

Breki usizikague kwa kuzikanyaga gari likiwa limesimama na kuridhika. Fungua tairi moja la mbele na moja la nyuma uone kilichobaki. Wengi tunakumbuka Mei 6, 2017, Rosa, basi dogo la Mitsubishi, iliyokuwa imebeba wanafunzi wa Arusha ilipotumbukia korongoni Rhotia, Karatu, wakafa watu 35. Sisemi chochote kuhusu chanzo. Nasema tu kwamba kwenye basi la watoto kuna mahali ambapo neno "itavumilia" halina nafasi.

Mwisho piga picha: matairi yote na namba zake, redio, altaneta, stata, taa, tairi la akiba. Kati ya siku ya kuangalia na siku ya kukabidhiwa vitu hutembea.

Kilomita zake ni chache. Hiyo si dalili nzuri?

Kwa basi la shule, kilomita zinadanganya hata kama hakuna aliyezichezea. Linatembea kidogo, ndiyo, lakini limesimama na kuondoka mara hamsini asubuhi na mara hamsini jioni, kwenye vichochoro vya Goba, Madale au Chanika ambako lami haijafika. Klachi, breki, stata, bushi, springi na bawaba za mlango vimefanya kazi ya gari la kilomita mara tatu ya hizo. Likizo ikifika linasimama wiki sita: betri zinakufa, breki zinashika kutu, panya wanahamia na kutafuna nyaya. Tazama pedali ya klachi na ngazi ya mlango. Mpira wa pedali uliolika mpaka chuma haujali dashibodi inasema nini.

Coaster, Rosa au Civilian?

Coaster, kama bei inaruhusu, na ndani ya Coaster tafuta yenye injini ya 1HZ. Namba ya chasisi yake inaanza na HZB. Ni silinda sita, haina turbo, haina ujanja wa kompyuta, na hakuna fundi nchini asiyeijua. Spea zake utazipata Ilala na Gerezani kabla ya saa sita mchana. Ina udhaifu mmoja ambao watu wanausahau: inatumia mkanda wa taimingi, unaobadilishwa kila kilomita 100,000. Ukikatika, vavu na pistoni vinakutana, na mkutano huo unaugharamia wewe. Kwa gari la mnadani usiulize ulibadilishwa lini. Badilisha.

Coaster nyingi zinazoanza na XZB zina injini ya N04C ya Hino. Ni injini nzuri, ila mfumo wake wa mafuta ni wa kisasa na hausamehi dizeli chafu, na nozeli zake zitakupa bei ya kukaa chini. Rosa yenye injini ya 4D33 ni ngumu na ya bei nafuu, taimingi yake ni ya gia, lakini bodi nyingi nilizoona huku pwani zimeliwa na kutu kuliko Coaster za umri huohuo. Civilian ya Nissan yenye TD42, injini yake sina ugomvi nayo. Ninachoogopa ni siku ya kuiuza tena, wanunuzi wake ni wachache.

Namba za kadi ya usajili na za gari zisipolingana?

Achana nalo. Hili ndilo lililonitoa machozi.

Nilinunua Rosa kwa dalali mmoja, nyaraka zilionekana safi, namba ya chasisi nikaikagua mwenyewe na ikalingana. Ya injini sikuikagua, ilikuwa imefunikwa na uchafu wa oili na jua lilikuwa kali. Nilipokwenda kuhamisha umiliki na gari likatakiwa kukaguliwa, ikagundulika injini iliyomo siyo ya kwenye kadi. Mmiliki wa zamani aliibadilisha bila kumwambia mtu, na karatasi za injini hiyo mpya hazikuwepo. Dalali akanionyesha sharti la mnada, "kama lilivyo na mahali lilipo", na alikuwa sahihi. Basi lilikaa kwangu miezi mitano bila kubeba mtoto hata mmoja, huku nikitafuta injini iliyotoka wapi na nani aliiuza.

Siku hizi nabeba kitambaa, petroli kidogo kwenye chupa, na chaki. Nasafisha mahali palipogongwa namba, napitisha chaki juu yake, herufi zinajitokeza, napiga picha. Dakika kumi.

Madeni ya nyuma yanakuja na gari?

Mengine yanakuja. Ingiza namba ya gari kwenye mfumo wa polisi wa faini za barabarani kabla ya siku ya mnada. Faini ni shilingi 30,000 kwa kosa, inaonekana ndogo, lakini dereva wa basi la shule anayewahi kengele ana makosa mengi. Moja ya mabasi yangu lilikuja na makosa 23, sawa na shilingi 690,000. Nilishayajua kabla ya mnada, nikayaondoa kwenye dau. Kwa gari la mkopeshaji, uliza kadi halisi iko wapi na barua ya kuondoa jina la mkopeshaji itatolewa ndani ya siku ngapi. Kwa gari la mahakama, uliza namba ya shauri na amri yenyewe, uende masjala kuuliza kama hakuna zuio. Karani atakutazama kama umepotea njia, vumilia.

Dau langu liishie wapi?

Hesabu kurudi nyuma. Anza na bei ambayo basi kama hilo, likiwa zima na lenye karatasi, linauzwa mtaani. Tuseme milioni 40. Weka matairi sita, milioni 2.1. Betri mbili, laki 6. Breki, mkanda, oili zote na beringi, milioni 1.5. Bodi, rangi na viti, milioni 3. Kuvuta gari, uhamisho wa umiliki, bima, ukaguzi na leseni, milioni 1.5. Jumla milioni 8.7. Bei hizo ni za mfano, ulizia za kwako.

Halafu kuna fungu ambalo watu hawaliweki: vitu ambavyo hukuviona. Mimi naondoa asilimia 15 ya bei ya mtaani, hapa milioni 6. Kwa hiyo 40 toa 8.7 toa 6, unabaki na milioni 25.3. Hapo ndipo unapokomea. Likifika 26, kunja mikono.

Uliza pia kama dau linajumuisha VAT. Muuzaji aliyesajiliwa anaweza kuongeza asilimia 18 juu ya ulichotaja, na hapo kikomo chako si 25.3 tena, ni kama milioni 21.4. Swali hilo liulizwe kabla ya mnada kuanza, na jibu ulipate mbele ya watu.

Andika namba kwenye karatasi, mpe mtu mwingine aishike. Mke wangu ndiye anayeshika yangu. Haji mnadani, lakini nikirudi ananiomba risiti.

Masharti ya malipo yakoje?

Soma tangazo lako, lakini kwenye minada mingi, hasa ya serikali, unalipa papo hapo amana isiyopungua asilimia 25 na kumalizia ndani ya siku 14. Ukishindwa, unapoteza haki ya kununua na amana hairudi. Ukishinda kwa milioni 24, hiyo ni milioni 6 siku hiyohiyo na 18 ndani ya wiki mbili. Soma pia siku ulizopewa za kuliondoa gari yadi.

Naweza kukopa nimalizie?

Siku 14 ni chache kwa benki yoyote ninayoijua kukagua gari la mnadani na kutoa fedha. Mtu akikuahidi mkopo wa siku tatu, muulize riba kwa mwezi, siyo kwa mwaka. Halafu usikope.

Nikilipata, naweza kubeba wanafunzi kesho yake?

Hapana. Kwanza umiliki uhamie kwako TRA: ushuru wa stempu asilimia 1 ya thamani, ada ya uhamisho 50,000 na kadi mpya 10,000. Kisha ukaguzi wa polisi, bima inayowahusu abiria, na leseni ya usafirishaji ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini. Rangi inabaki njano. Ukitaka kulifanya basi la harusi na misiba, rangi inabadilishwa na badiliko linaandikwa kwenye kadi, usiishie kwa fundi rangi. Dereva awe na daraja linalofanana na viti: C1 kwa abiria 15 hadi 29, C kwa 30 na zaidi. Jipe wiki sita. Ndiyo maana basi la kufungulia shule Januari halinunuliwi wiki ya Krismasi.

Basi nililoliona viti vyake ni vidogo sana, nifanyeje?

Hilo lilikuwa basi la chekechea Japani. Huko yapo mabasi yaliyotengenezwa kwa watoto wadogo, viti vya usawa wa goti, ambamo wanaingia watoto karibu arobaini na watu wazima watatu. Huku yanafaa kwa madarasa ya awali tu, mtoto wa darasa la sita magoti yanamfika kidevuni. Kuling'oa viti na kufunga vipya ni gharama ya kweli, na idadi ya viti kwenye kadi lazima ifanane na vilivyomo. Bei ya kutupa unayoiona, sababu yake ndiyo hiyo.

Si bora niagize Japani?

Kama una miezi mitatu na fedha yote mkononi, mara nyingi ndiyo. Utapata gari lenye historia na lisilopita Chanika. Tofauti ni kwamba unalilipia kabla hujaligusa, na kodi za bandarini hazingojei.

Nikishakabidhiwa, siku ya kwanza nifanye nini?

Linganisha na picha zako kabla ya kusaini. Usiliendeshe kutoka yadi, livutwe mpaka gereji. Mwaga oili ya injini, gia boksi na difu, weka mpya, badilisha maji ya breki yote, na ule mkanda.

Na ufute jina la shule ya zamani ubavuni, siku hiyohiyo, hata kwa rangi ya kupaka na brashi. La kwangu la pili niliona haraka ya nini, nikaliacha na maandishi wiki mbili huku nikilijaribu asubuhi na wanafunzi wa mkataba mpya. Siku ya tatu, pale Kinyerezi, mtoto wa darasa la kwanza alisimama barabarani na begi lake, akapunga mkono, dereva akasimama, akapanda, akaamkia, akakaa kiti cha mbele. Tulikuwa tumeshafika Segerea dada wa basi alipotazama sare yake.